Ushuhuda wenye pombe nyingi: Hillbilly Deluxe ya Brooks & Dunn

Kanisani kwetu ushuhuda una kanuni ambayo haikuandikwa popote. Mtu akisimama kueleza alivyookoka, dhambi zinachukua dakika kumi na mbili, wokovu dakika mbili. Tutaambiwa bei ya chang'aa ya enzi hizo, tutaambiwa alivyolala mtaroni na nani alimwibia viatu, na ukimtazama vizuri utaona anafurahia kusimulia. Halafu "nikampokea Bwana", makofi, anaketi.

Wiki hii nimekuwa nikirudia Hillbilly Deluxe, albamu ya Brooks & Dunn, wanamuziki wawili wa kantri (country) wa Marekani, ya mwaka 2005, na kanuni hiyo haikuniondoka akilini. Hillbilly ni tusi la Wamarekani kwa watu wa milimani, mshamba kabisa. Kwa hiyo jina la albamu ni kama kusema Mshamba wa Daraja la Kwanza. Mle ndani kuna pombe, taa za baa, mapenzi yaliyovunjika, gari kubwa Jumamosi usiku. Na kuna wimbo mmoja, Believe, unaokufanya uzime jiko na kukaa kitako.

Kwa wasiowajua: Ronnie Dunn ndiye mwenye sauti, Kix Brooks ndiye mwenye miguu. Jukwaani Dunn husimama mbele ya maikrofoni kama mtu anayengoja matatu, huku mwenzake akikimbia huku na huku na kupunga kofia. Waliunganishwa Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri, mwanzoni mwa miaka ya tisini na mkuu wa kampuni ya muziki, kila mmoja akiwa amejaribu bahati yake peke yake bila mafanikio makubwa. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1991, na kuanzia hapo wakawa wafalme wa densi ya kujipanga mistari, viatu vya ngozi vikigonga mbao.

Lakini Dunn ana historia nyingine. Ujanani alikuwa katika chuo cha Kikristo huko Abilene, Texas, akisoma saikolojia na theolojia, akilenga kuwa mchungaji wa Kibaptisti. Usiku alikuwa anapiga muziki kwenye vilabu vya pombe. Ikafika mahali akatakiwa kuchagua, akachagua vilabu. Ukishalijua hilo, huwezi tena kusikia nyimbo zake za ulevi kama ulevi mtupu. Hata wimbo wao Red Dirt Road wa 2003 unaweka bia ya kwanza na kumpata Yesu kwenye barabara moja ya vumbi jekundu, bila kuomba radhi kwa upande wowote.

Albamu inafunguliwa na Play Something Country. Mwanamke anaingia baa kwa kishindo, mkono kiunoni, anamnyooshea kidole mwanamuziki na kumwamuru apige kantri. Basi, hadithi imekwisha. Gitaa zinaunguruma, na wimbo ulifika namba moja kwenye chati za kantri za Marekani. Sina la kuufafanua. Nimeucheza nikiosha vyombo na nikavunja glasi.

Believe ni kitu kingine kabisa. Kijana anamkumbuka mzee jirani, Mzee Wrigley, wa ile nyumba nyeupe mtaani kwao. Mama alikuwa akimtuma ampelekee vitu, wakazoeana, wakawa wanakaa barazani siku za joto. Mzee alikuwa jeshi la majini, akafiwa na mke, akafiwa na mtoto. Siku moja kijana anamuuliza: unafanyaje usirukwe na akili? Mzee anajibu kwa utulivu kwamba atawaona tena, si muda mrefu.

Kinachonikata mimi ni ubeti wa pili. Kijana yuko chuoni, anaongea na mama kwa simu, mama anampa umbea wa mtaa, nani kafanya nini, halafu katikati ya hayo: by the way, yule mzee amefariki. Hivyo hivyo ndivyo tunavyopata habari za misiba sisi tuliohama nyumbani. Mama yangu atanieleza habari za ng'ombe, za mahindi, za harusi niliyokosa, na nikikaribia kukata simu, "Kwani sikukwambia? Baba nanii aliondoka." Unabaki umeshika simu iliyokwisha kukatika.

Na mwimbaji, yule aliyewahi kusomea uchungaji, anakiri kwamba hawezi kukutajia sura wala mstari. Anachojua ni kwamba haiwezekani yote yaishie kwenye gari la maiti linalojikokota. Kinanda cha kanisa kinapanda taratibu nyuma yake, sauti inapanda nayo. Wimbo huu haukufika namba moja kwenye chati, uliishia namba nane. Lakini Novemba 2006 ulizoa tuzo za CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, za singo bora, wimbo bora na video bora.

Dunn aliuandika na mtunzi Craig Wiseman. Huyo huyo Wiseman jina lake limo pia kwenye wimbo uliobeba jina la albamu, ule wa magari na vurugu za Jumamosi. Nadhani huo ndio dhaifu kuliko zote. Washamba wanajisifu ushamba kwa orodha, kama tangazo la gari. Na kuna nyimbo mbili tatu za katikati ambazo ningezifuta nisizikumbuke tena.

Wapo wanaosema Believe umepotea njia, ungekaa kwenye albamu ya injili. Sikubaliani. Ndugu wawili wa Alabama, Louvin Brothers, walitoa albamu ya injili mwaka 1959, na kwenye jalada wakaweka shetani mrefu wa mbao nyuma ya matairi yanayowaka moto. Naipenda. Ila Ira, mmoja wa ndugu hao, aliyemchonga shetani huyo, alikuwa mlevi sugu wa kuvunja ala zake kwa hasira, na ingawa kwenye albamu wanaimba kuhusu walevi, hawasemi kwamba mlevi ni yeye. Brooks & Dunn wameacha kila kitu mezani, chupa na Biblia.

Mwaka jana nilikuwa Nakuru, kwenye baa ya nyama choma, bendi inapiga kantri, nusu ya wateja na kofia za kauboi. Kama saa sita usiku mwimbaji akapunguza gitaa, akaingiza wimbo wa kanisani. Hakuna aliyelalamika. Mzee wa meza ya jirani, ambaye alikuwa ametukana waiter mara mbili, akavua kofia yake, akaiweka juu ya mbao ya nyama kando ya mifupa, akaimba beti zote tatu macho yamefumba. Wimbo ulipoisha akaivaa kofia ikiwa na mafuta, akaagiza mbili baridi, na moja ikawa ya yule waiter.