Umeme wa shambani: Kenya safi, Afrika Kusini chafu?

Ukilinganisha Kenya na Afrika Kusini kwa kipimo kimoja tu, yaani gesi joto zinazotokana na umeme unaotumika shambani, hukumu inatoka papo hapo: Kenya safi, Afrika Kusini chafu. Kwa hesabu, ni kweli. Tatizo ni pale hesabu hiyo inapogeuzwa cheti cha tabia cha wakulima.

Takwimu yenyewe hupatikana kwa kuzidisha uniti za umeme (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja) zilizotumika katika kilimo na kiasi cha hewa ukaa ambacho gridi ya nchi, yaani mtandao wake wa umeme, hutoa kwa kila uniti. Afrika Kusini, ambako zaidi ya asilimia 80 ya umeme umekuwa ukitokana na makaa ya mawe, kiasi hicho ni karibu kilo moja. Kenya ina jotoardhi ya Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Ziwa Turkana, kwa hiyo chake ni kama sehemu ya kumi tu. Chukua pampu ya kilowati 10 iliyowashwa kwa muda wa saa sita: uniti 60. Kule ni kilo 60 za hewa ukaa, huku kama kilo sita. Pampu ni ileile, maji ni yaleyale, mkulima hajazidisha wala kupunguza kitu.

Mkulima wa zabibu wa Western Cape hakujenga mitambo ya makaa ya mawe ya mkoa wa Mpumalanga, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka shambani kwake. Anachoweza kuamua ni saa ya kuwasha pampu, na mara nyingi huwasha usiku bei ya umeme inaposhuka. Mgao wa umeme ulipofikia kilele mwaka 2023, ratiba za kumwagilia zilivurugika, na wakulima wengi wenye uwezo wakaweka paneli za sola. Waliogopa mazao kukauka. Tabianchi huenda hata haikuwajia akilini.

Sasa tuje Kenya, maana hapa ndipo takwimu inaficha mengi. Kilimo cha Kenya kwa sehemu kubwa hutegemea mvua, na wengi wanaomwagilia hawana waya wa umeme karibu na shamba. Kando ya mto utakuta pampu ndogo ya petroli, dumu la mafuta pembeni, mpira umetandazwa hadi kwenye nyanya. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa, na injini ndogo kama hiyo hula karibu nusu lita kufanya kazi ya uniti moja. Piga hesabu: zaidi ya kilo moja. Mkulima huyo yuko sawa na mwenzake wa makaa ya mawe, pengine amempita, ila moshi wake haumo kwenye safu ya umeme katika jedwali la takwimu. Umo kwenye safu ya mafuta, ambayo wapenda kulinganisha hawaifungui. (Umeme wa viwanda vya chai nao huhesabiwa upande wa viwanda.)

Wanaoitetea takwimu hii wana hoja moja nzito, nayo ni kwamba anga haijali nani alijenga mtambo. Uniti moja ikiokolewa Afrika Kusini, faida yake kwa tabianchi ni kama mara kumi ya ile ya Kenya. Kwa hiyo fedha za kubadilisha pampu kuukuu na kuziba mabomba yanayovuja zianzie huko. Nakubali kabisa.

Kenya dawa ni nyingine: kufikisha waya, au sola, hadi kwenye ule ukingo wa mto. Waya ukifika na pampu ya petroli ikawekwa stoo, gesi joto za kumwagilia zile nyanya zitashuka hadi kama sehemu ya kumi. Na katika safu ya umeme wa kilimo, Kenya itaonekana imechafuka zaidi kuliko mwaka uliotangulia.