Sukari ya panya na kidonda cha binadamu

Chukua panya wawili wa maabara, mmoja mzima na mwingine mwenye kisukari, wote wametobolewa ngozi ya mgongo kwa kipimo kimoja. Baada ya wiki mbili, kidonda cha mzima huwa kimefunga au kinakaribia. Cha mwenzake bado kiko wazi.

Wanaoibebesha sukari ya damu lawama ya ucheleweshaji huo wana hoja nzito. Sukari iliyozidi hung'ang'ania kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi uimara, ikazifunga pamoja hadi zikakakamaa. Chembe nyeupe za damu hulegea katika kuua bakteria. Makrofaji nazo, seli za kinga zinazomeza uchafu, ambazo baada ya kusafisha kidonda zingepaswa kugeukia ujenzi, huendelea kuchochea uvimbe.

Lakini ni sukari peke yake? Panya wa maabara wa aina ya db/db, wenye kasoro ya kurithi na wanaojulikana tangu 1966, wana sukari ya juu, ni wanene kupita kiasi, na miili yao haiitikii leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba mwili umeshiba. Ndugu zao wa ob/ob hawatengenezi leptini inayofanya kazi, na wakipakwa leptini juu ya kidonda, ngozi huota haraka zaidi. Wale wanaodungwa dawa ya streptozotosini ili seli zinazotengeneza insulini zife wapate kisukari hupata pia sumu ya dawa hiyo kwenye ini na figo. Kusema "ni sukari" hapo ni kurahisisha mno.

Kinachonisumbua zaidi ni ngozi yenyewe. Ya panya imelegea, na chini yake kuna msuli mwembamba unaokivuta kidonda kifunge kama mdomo wa mfuko wa kamba. Sisi hatuna bahati hiyo: nyama huota kutoka chini, ngozi ikatambaa juu yake. Ndiyo maana watafiti makini hushonea pete ya silikoni kuzunguka kidonda cha panya kuzuia mvuto huo. Isitoshe, panya huugua kwa wiki chache tu, ilhali kidonda cha mguu wa binadamu huja baada ya miaka ya neva kufa ganzi na mishipa kuziba.

Hata hivyo siiondolei sukari hatia. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa 1993, kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kuidhibiti kwa ukaribu hupunguza uharibifu wa neva, na mguu usiohisi msumari ndiko vidonda vingi vinakoanzia. Panya hatuonyeshi hatua hiyo. Anatuonyesha kinachotokea ndani ya kidonda kikishakuwapo.