Gina alisema hapana, na sisi tukacheka

Jumamosi usiku tulikuwa watu sita sebuleni, tunairudia Mickey Blue Eyes, ile ya 1999 ambamo Hugh Grant ni Michael, anayempenda Gina bila kujua kwamba ukoo wake ni wa mafia wa New York. Tukafika pale kwenye mgahawa wa Kichina. Michael kaficha posa yake ndani ya kibiskuti cha bahati, roho iko juu, na Gina akija kuelewa anaulizwa nini anaangua kilio na kutoka mbio. Shangazi yangu akaguna. "Sasa huyu naye anakimbia nini? Mwanamume kampenda. Ukipenda boga, penda na ua lake." Sebule nzima ikacheka, filamu ikaendelea, na mimi nikabaki palepale mgahawani. Leo ni Jumatano na bado niko pale.

Methali hiyo nimekua nayo, na kwenye harusi za watu nimeitumia mwenyewe. Inamfaa mama mkwe mwenye maneno mengi. Inamfaa shemeji aliyekuja kukaa wiki moja akamaliza mwaka. Kwa ukoo unaokula kwa kuua watu, haifai hata kidogo, na kinachoniuma ni kwamba tumeizoea kiasi cha kuitamka bila kuangalia ua lenyewe ni la nini. Michael anaambiwa alipende ua ambalo hata hajui kama lipo. Anayelijua ni Gina. Kazaliwa nalo ndani ya nyumba, kalelewa nalo, na amefanya kila awezalo kukaa nalo mbali: amekwenda kuwa mwalimu, anaishi kwa mshahara wake, anaingia kwenye mapenzi na dalali wa minada, Mwingereza mpole ambaye silaha aliyowahi kuishika ni nyundo ya mnadani.

Halafu huyo mpole anamwambia nataka kukuoa. Kwa Gina, neno hilo maana yake ni hili: nataka baba yako awe baba mkwe wangu, na mjomba Vito awe mjomba wangu. Machozi yale ni ya mtu anayempenda mwenzake kuliko anavyotaka kuwa naye. Mimi sioni tendo la mapenzi kubwa zaidi ya lile katika filamu nzima, na filamu inalitengea dakika chache tu. Michael anamfuata mpaka kwenye mgahawa wa baba yake, anapokewa kwa kukumbatiwa na baba mwenyewe, Frank, na kuanzia pale hadithi inakuwa ya Michael: atajikwaa wapi, atadanganya nini, ataponea wapi. Hapana ya Gina inageuka kikwazo cha kurukwa ili harusi ifike.

Na Gina hakunyamaza, jamani. Alimweleza. Alimtaka aahidi kwamba hatapokea msaada wowote kutoka kwao wala kuwafanyia jambo lolote, hata liwe dogo namna gani. Michael akaahidi, na nina hakika aliahidi kwa moyo safi. Tatizo ni kwamba alikuwa akisubiri siku atakayoombwa kufanya uovu, na siku ya namna hiyo huwa haiji. Inakuja siku ya kuombwa kitu kidogo. Kuna mtoto wa Vito anachora. Michoro yenyewe mibaya, lakini kijana wa watu ana ndoto zake, na wewe si unafanya kazi kwenye nyumba ya mnada? Muuzie mmoja tu.

Hapa ndipo filamu ilipogusa jambo la kweli kabisa. Mchoro hauna bei ya dukani. Thamani yake inazaliwa pale dalali anapogonga nyundo. Mtu akiwa na rundo la fedha chafu, anamtuma mwenzake akae kwenye viti vya wanunuzi, anyanyue mkono, apandishe bei ya kitu ambacho hakuna mwenye akili timamu angekitaka. Fedha ikishapita mnadani inatoka na risiti, na mwenye risiti anaweza kulala usingizi. Marekani ilikuwa imeshaufanya utakatishaji fedha kuwa kosa la jinai la shirikisho tangu 1986, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20. Yule aliyegonga nyundo hawezi kujitetea kwamba alikuwa anamsaidia mtoto wa mjomba. Ndiyo maana FBI, wapelelezi wa serikali ya shirikisho, wanamwandama Michael na kumpuuza mchoraji: mwenye jina safi ndiye daraja.

Nina rafiki aliyepita njia hii, na wakati sebule inacheka nilikuwa namwaza yeye. Miezi miwili baada ya harusi, ndugu wa mumewe alimjia na karatasi. "Shemeji, nisaidie saini hapa, ni jambo la dakika moja." Kalamu alikuja nayo, na kifuniko alikuwa ameshakitoa. Hicho kifuniko rafiki yangu hakisahau. Anasema angalau angeachiwa akifungue mwenyewe, pengine zile sekunde mbili zingemtosha kuuliza. Akasaini. Akawa mkurugenzi wa kampuni ambayo hajawahi kuiona mlango, na miaka mitatu baadaye wapelelezi walipogonga, jina lililokuwa juu ya kila karatasi ni lake. Alitoka salama, kwa gharama kubwa na bila ndoa. Hakuna aliyewahi kumtishia. Kila mara walizungumza naye kwa upole, na kila mara neno la kwanza lilikuwa shemeji.

Turudi kwenye filamu. Sikatai kwamba inachekesha. Ile safari ya gari ambapo Frank anamfundisha Michael kutamka maneno kama jambazi wa New York, na kila akijaribu Uingereza inamtoka mdomoni, nimeicheka tena Jumamosi. Kumbuka tu wanatoka kufanya nini. Wametoka kuzika maiti usiku. Wamekutwa na wahalifu wengine, na Frank katika kuhangaika anamtambulisha mkwe wake kuwa ni Mickey Blue Eyes wa Kansas City. Jina la filamu limezaliwa kando ya kaburi lisilo na jina. Mimi hilo nililipita mara zote nilizoitazama kabla ya juzi.

Na yule Frank ni James Caan. Huyu ndiye Sonny wa The Godfather ya 1972, anayempiga mume wa dada yake barabarani mchana kweupe. Mume yule, Carlo, aliingia kwa ndoa, na kabla filamu haijaisha ukoo ule ule uliomchezea harusi unamnyonga. Mwaka 1999 tunaletewa sura ile ile kama baba mkwe wa kuchekesha, na tunamkubali upesi kwa sababu tumeshamzoea.

Nje ya sinema, hawa watu wana majina. Sammy Gravano, aliyekuwa wa pili kwa John Gotti katika ukoo wa Gambino wa New York, aligeuka shahidi wa serikali na kukiri kuhusika katika mauaji ya watu 19. Ushahidi wake ulimpatia Gotti kifungo cha maisha mwaka 1992. Kati ya wale 19 yumo ndugu wa mke wake mwenyewe, aliyeuawa mwaka 1978. Wakubwa waliamua, naye akakubali shemeji yake auawe, kisha akarudi nyumbani kwa dada wa marehemu. Nimejaribu kumwaza mwanamke yule akipakua chakula cha usiku. Siwezi kufika mbali.

Lakini ninayemtaka shangazi amfahamu ni Piera Aiello.

Piera ni wa Partanna, mji mdogo wa Sicilia. Alikuwa bado msichana mdogo alipoanza uhusiano na Nicola Atria, na baba yake Nicola, Vito, alikuwa mkubwa wa mafia wa pale. Baadaye yeye alitaka kuachana na kijana yule. Mzee Vito ndiye aliyesema ndoa itafungwa, na kwa mzee kama yule hakuna aliyejibu. Akaolewa mwaka 1985, ana miaka 18. Siku tisa baada ya harusi baba mkwe akauawa. Siku tisa! Zawadi bado ziko kwenye makaratasi yake. Kwa miaka iliyofuata aliishi na mume anayetembea na silaha na anayewaza kisasi tu, mpaka Juni 1991, wauaji walipomfuata Nicola na kumpiga risasi mbele ya macho yake. Mjane mwenye miaka 23, na binti mdogo mkononi.

Mila ya pale ilimtaka avae nguo nyeusi na afunge mdomo. Yeye akaenda kwa mwendesha mashtaka Paolo Borsellino, akasema yote aliyoyaona na kuyasikia ndani ya nyumba ile. Na wifi yake, Rita, mdogo wa marehemu Nicola, akamfuata. Rita alikuwa msichana wa sekondari, kafiwa na baba, kafiwa na kaka, na alikuwa na daftari zake alizoandika kila kitu. Nasema wifi kwa makusudi, kwa sababu kwetu neno hilo limebeba vijembe vingi, na hapa kuna wifi wawili waliosimama pamoja kuwashtaki watu waliokuwa wanaogopwa na mji mzima.

Tarehe 19 Julai 1992 Borsellino aliuawa kwa bomu huko Palermo, yeye na walinzi wake watano. Wiki moja baadaye Rita alijiua huko Roma, mahali alipofichwa. Alikuwa na miaka 17. Mama yake mzazi alikuwa ameshamkana kwa kuongea na sheria, na baadaye alikwenda makaburini na nyundo akavunja picha ya binti yake juu ya kaburi.

Piera aliendelea kuishi, kwa jina lisilo lake, mahali pasipojulikana. Mwaka 2018 aligombea ubunge wa Italia na kufanya kampeni uso ukiwa umefunikwa, kwa sababu zaidi ya robo karne baadaye bado haikuwa salama kuonekana. Watu wakamchagua.

Najua jibu nitakalopewa: ile ni vichekesho tu, usilete makaburi kwenye kicheko cha watu. Nalikubali nusu. Kumcheka jambazi kunaweza kumpunguzia ukubwa, na watu hawa wanaishi kwa kuogopwa, kwa hiyo kicheko kina kazi yake. Pia Wamarekani wenye asili ya Italia wamechoka, kwa haki kabisa, kuonyeshwa kana kwamba kila ukoo wao una maiti kwenye buti la gari. Hayo nayapokea. Lakini vichekesho vinachagua nani awe katikati. Married to the Mob ya 1988 ni vichekesho pia, na pale katikati amewekwa Angela, mjane wa jambazi, Michelle Pfeiffer, anayetaka kuhama tu, akalee mwanawe, aachane nao. Tunacheka kuanzia mwanzo mpaka mwisho na bado tunajua anachokimbia. Kumbe inawezekana.

Ndiyo maana siwezi kuiachia Mickey Blue Eyes kirahisi. Ilikuwa naye, yule Angela wake. Ilikuwa na Gina, mwanamke pekee katika hadithi anayejua gharama yote na anayejaribu kumlipia mwenzake kwa kumkosa. Ilichotakiwa ni kubaki naye. Tumwone usiku ule baada ya kukimbia, amekaa wapi, ameongea na nani. Tumwone akimtazama Michael siku ile ahadi ilipovunjika, tubaki na uso wake kabla ya kurudi kwenye mikasa. Tumsikie akimuuliza baba yake swali ambalo bila shaka amekuwa nalo tangu utoto. Frank anampenda binti yake, hilo linaonekana wazi, na kwa sababu anampenda ndiyo mazungumzo yao yangekuwa mazito kuliko risasi zote za mwisho. Badala yake, sehemu yote ya pili ya filamu Gina anaishia kuwa mtu wa kuokolewa na wa kuvalishwa shela.

Jana nilimpigia shangazi. Sikumpigia kwa ugomvi. Nampenda sana, na methali zangu nusu amenipa yeye. Nilimsimulia habari za Piera kama nilivyowasimulia hapa, harusi, siku tisa, daftari za Rita, nyundo. Alikuwa akiitikia "ee, ee," mpaka nilipofika kwenye nyundo akaacha kuitikia. Nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza, "Na yule mtoto wa Piera, yule binti, aliishia wapi?"

Nikamwambia alikua, kwa jina lingine.

"Basi alifanya vizuri kukimbia," akasema. "Na yule wa kwenye filamu pia."