Kikomo cha deni la Kenya: trilioni 10 au asilimia 55?

Juni 2022 wabunge wa Kenya walipandisha kikomo cha deni la taifa kutoka shilingi trilioni 9 hadi trilioni 10. Mwaka mmoja baadaye deni lilikuwa limepita trilioni 10.2, na hapakutokea lolote: mishahara ililipwa, hatifungani, yaani hati ambazo serikali huuza ili kukopa, zikaendelea kuuzwa. Marekani mambo ni tofauti. Bunge la huko likigoma kupandisha kikomo, Hazina haiwezi kuongeza deni hata kwa dola moja, na mvutano wa 2011 ulitosha kuifanya kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, Standard & Poor's iivue nchi hiyo daraja la juu kabisa, AAA.

Kabla ya Oktoba 2019, kanuni za Kenya zilipima deni kwa asilimia 50 ya pato la taifa. Hazina ikataka tarakimu kamili, ikapewa trilioni 9 wakati deni lilikuwa karibu trilioni 6. Waliounga mkono walisema tarakimu haina utata, kila mwananchi anaweza kuikagua. Hilo ni kweli. Waliopinga waliona kwamba serikali imejitengea nafasi ya kukopa trilioni 3 bila kuulizwa, na hilo pia ni kweli.

Kasoro kubwa ya tarakimu ni kwamba karibu nusu ya deni ni la nje, tena sehemu kubwa kwa dola. Katikati ya 2022 dola ilikuwa takriban shilingi 118. Mwaka uliofuata ikafika 140. Deni la dola bilioni 1 likapanda kutoka shilingi bilioni 118 hadi 140 pasipo mtu kutia saini mkataba wowote mpya.

Ndiyo maana sheria ya 2023 ilirejea kwenye asilimia: 55 ya pato la taifa, kwa thamani ya sasa, yaani malipo yajayo yakipunguzwa yawe sawa na fedha ya leo, na ruhusa ya kuzidi kwa 5. Thamani ya sasa inatofautisha mkopo nafuu na wa kibiashara. Chukua mkopo wa bilioni 100 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwaka, unaolipwa wote baada ya miaka 10. Ukikokotoa malipo yake kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 5, unahesabiwa kama bilioni 69 hivi. Eurobond (hatifungani inayouzwa kwa wawekezaji wa nje kwa fedha za kigeni) ya asilimia 9.75 ambayo Kenya iliuza Februari 2024 haipati punguzo hilo. Kiuchumi, hiki ni kipimo bora.

Kisiasa kimelegea. Sheria ilipoanza, deni lilikuwa tayari limezidi asilimia 60, kwa hiyo serikali ikapewa miaka mitano ya kulishusha. Waziri wa Fedha akivuka mpaka, kazi yake ni kulieleza Bunge kwa maandishi na kutoa mpango wa kurekebisha. Pato lenyewe nalo hubadilika kwa kalamu: mwaka 2014 takwimu zilifanyiwa marekebisho, uchumi ukakua kwa robo kwenye karatasi, na uwiano wa deni ukashuka bila senti kulipwa.

Kwa maoni yangu, tarakimu iliwapa wapinzani silaha ya kelele tu. Bajeti ya mwaka wa fedha ulioanza Julai 2022 ilikuja na pengo la zaidi ya bilioni 800 huku deni likiwa trilioni 8.6. Mbunge aliyeidhinisha matumizi hayo alikuwa ameshavunja kikomo cha trilioni 9 kabla hoja ya kukipandisha haijaletwa mezani.

Penye hatari zaidi ni tafsiri ya deni. Bili za wakandarasi zilizolala miaka hazimo kwenye hesabu. Mwaka 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 kati ya 25 za ushuru wa barabara unaotozwa kwa kila lita ya mafuta, ili ipate bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi hao. Hazina ilisema huko ni kuuza mapato yajayo. Shirika la Fedha la Kimataifa likaona ni mkopo. Dereva anayejaza tangi atalipa vilevile, na hakuna kikomo, cha trilioni wala cha asilimia, kitakachoishika fedha hiyo mpaka Bunge liandike kwenye sheria kwamba mapato yaliyowekwa rehani ni deni.