Mawese ya Kigoma, na sisi wa Moshi tuliosahau kahawa

Mafuta ya kula yakipanda tu hapa Moshi, pale Mbuyuni hukosi mtu wa kukupa ile stori kwamba Wamalaysia walikuja Kigoma wakabeba mbegu za michikichi na leo wanatuuzia mafuta. Stori tamu ila haina ukweli, michikichi ya kule imetokana na miche minne iliyopandwa Bogor, Indonesia, mwaka 1848, asili yake Afrika Magharibi. Baada ya stori ndio unakuja ushauri: leteni mwekezaji apewe maelfu ya heka, hawa wakulima wadogo wa Kigoma wanatuchelewesha.

Sio hoja ya kijinga. Chikichi likishakatwa linatakiwa likamuliwe ndani ya siku moja au mbili, likilala sana mafuta yanachacha, kwahiyo kiwanda kiwe karibu na barabara ipitike, na mwenye mtaji anaweza hayo yote kwa mpigo. Na kutegemea nje tumeona, Aprili 2022 Indonesia ilipofunga kuuza mawese kwa wiki tatu na ushee soko la dunia likayumba.

Lakini jamani, mkulima wa Kigoma si mvivu, shida ni mti. Mingi aliyonayo ni dura, ile ya zamani, ganda nene nyama kiduchu, na mawese yanatoka kwenye nyama. Aina nyingine, tenera, ganda lake jembamba, mafuta mengi kwenye shamba lilelile, ndio mbegu TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo cha hukohuko Kigoma, wanazalisha na serikali inaisukuma tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alivyoivalia njuga 2018. Sasa tenera ni chotara wa dura na pisifera, aina isiyo na ganda, ukiokota mbegu zake ukapanda mwenyewe kama robo inarudi dura na robo nyingine inakuwa pisifera, ambayo mara nyingi haizai cha maana. Yaani kila akitaka kupanda lazima arudi kitaluni. Halafu anasubiri kama miaka mitatu, na ile dura iliyokuwa inalipa ada keshaikata! Mama anayeishi kwa kukamua mawese na kuchemsha sabuni, miaka yote hiyo anakamua nini? Maharage katikati ya miche yanasaidia tumbo, pipa la mawese linabaki tupu. Mimi hela ya umma ningeipeleka hapo kwanza, kabla ya kumpimia mwekezaji msitu wenye sokwe.

Eti wadogo hawawezi. Indonesia yenyewe karibu asilimia 40 ya mashamba ya michikichi ni ya wakulima wadogo. Na hapa kwetu, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianza 1933 na kahawa yake ilitoka vihambani, vishamba vidogo vya nyumbani, migomba katikati, ikafika Ulaya. Kweli baadaye watu waling'oa mibuni, babu yangu mmojawapo, ila hakuing'oa kwa sababu kihamba kilikuwa kidogo, bei ilikuwa haimtoshi hata kununua dawa ya kupulizia.