Acheni kuinua watu vichwa jamani

Sijui nani alituroga na hii ya mtu akitokwa damu puani basi ukumbi mzima "inua kichwa juu, juu zaidi!" Mmoja kashika kidevu, mwingine anammwagia maji utosini, na mtoto wa watu anaangalia dari tu. Mimi nimeshakuwa huyo mtoto, shuleni huko, damu ikaonekana imekata na kila mtu akaridhika kumbe inashuka kooni naimeza taratibu, baadae nikatapika madamu meusi meusi hivi na darasa zima likajua ndo nakufa.

Yaani ukiinua kichwa hujazuia kitu, umeibadilishia njia tu. Ikijaa tumboni inachefua, na inaweza kumpalia mtu.

Kinachotakiwa ni kukaa, kuinama mbele kidogo, kubana pua na kupumulia mdomo, damu ikija mdomoni teme usimeze. Ila wabanaji wengi nao wanabana pale miwani inapokaa, sasa pale si mfupa? Shuka chini kwenye nyama laini, ubane matundu yote mawili kwa pamoja hata kama linalovuja ni moja. Mara nyingi damu inatokea mbele tu hapo, kwenye ule ukuta wa katikati ya matundu, kuna mishipa midogo imekutana na ngozi yake nyembamba, ndo maana hewa kavu, mafua au kidole chenye kucha vinatosha kuianzisha.

Halafu dakika 10 mpaka 15 bila kuachia. Hapa ndo tunapofeli wote, maana kila mtu anataka kuchungulia kama imekata, na ukichungulia damu iliyoanza kuganda inabanduka unarudi sifuri. Weka taima kwenye simu, usijiamini. Juzi nimembana mwanangu, udenda unamchuruzika mpaka kwenye shati, ananiuliza kwa sauti ya puani "baba bado?" nikacheki simu, dakika moja na sekunde arobaini. Mimi mwenyewe nilidhani ni saba!

Hospitali mnaenda kama imefika nusu saa na haikati, au inamwagika kwa wingi, au mtu kagongwa kichwa, kaanza kuzimia, au ni mtoto chini ya miaka 2. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi kama warfarin huyo msimsubirishe kabisa.

Ikishakata asipenge kamasi wala kuchokonoa siku hiyo nzima. Na zile tishu mnazosokomeza ndani kama mnaziba chupa mziache pia, tishu inagandana na kidonda, ukija kuivuta inatoka na kigaga chake, haya, kaeni chini muanze kubana upya.