Kuangalia tu nako kunakula wino?

Hebu mtu mwenye akili timamu anieleze. Mashine ina kioo, ina taa, ina mfuniko, karatasi zimejaa, umeme upo (leo upo, ya jana msiniulize), halafu inagoma kuskani kwa sababu wino wa bluu umeisha. Kuskani, ndugu zangu. Siyo kuprinti. Kuskani ni kutazama. Mimi macho yameanza kunisaliti siku hizi, lakini sijawahi kushindwa kutazama kitu eti kwa kukosa wino.

Hapa steshenari kwangu Kabwe, Mbeya, nilikuwa na printa yangu ya zamani. Kazi yake ilikuwa moja, kuprinti, na hiyo moja yenyewe iliifanya kwa kununa. Lakini ilikuwa printa ya watu. Imetoa barua za kuomba kazi za vijana wa Vwawa wakiwa bado wanahesabiwa mkoa wa Mbeya, kabla hawajapewa Songwe yao mwaka 2016. Wino ukiisha, fundi anapanda kutoka Mwanjelwa na bomba la sindano, anabandua stika juu ya katriji, anatafuta kitundu, anadunga taratibu huku anahesabu kimoyomoyo, anafuta na tishu, anakula hela yake ya soda, maisha yanaendelea. Maandishi yakitoka na michirizi, unalowesha tishu kwenye maji ya uvuguvugu, unaikalisha katriji juu yake, vile vitundu vya chini vinazibuka, tishu inageuka nyeusi, na barua ya mtu inatoka inasomeka.

Mama watoto ndiye aliyeleta maendeleo. "Baba, watu wanataka kopi, huna, wanavuka barabara kwa jirani." Kweli walikuwa wanavuka. Tukavunja kibubu, tukaingia dukani. Kijana wa pale akaisifia ile mashine mpaka nikaona aibu kuuliza bei: inaprinti, inaskani, inatoa kopi, inatuma faksi. Faksi! Nimtumie nani faksi, mimi wa Kabwe? Nikamwambia aitoe hiyo faksi anipunguzie. Akacheka. Mimi nilikuwa sijamtania.

Nyumbani tukafungua boksi. Waya wa kuunganisha na kompyuta hamna, unauzwa peke yake. Waya wa simu ya mezani, kwa ajili ya faksi, umo, umekunjwa na kufungwa vizuri. Na sidii ya programu imo pia, ya kuingiza kwenye kompyuta ambayo tundu la sidii haina. Katriji nne zilizokuja nazo ni za kuanzia, maana yake wamekuwekea wino wa kuonja. Hazijamaliza hata msimu mmoja wa kadi za mchango.

Sasa leo asubuhi. Nimefungua ofisi, nimevaa tai, maana mimi ni mkurugenzi, kibao kipo nje na leseni ya biashara ipo ukutani. Akaingia mzee mmoja, katelemka na Noah kutoka Ilembo huko Umalila, koti zito, kofia ya sufu, kiatu kina udongo wa shamba la viazi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua ya huku chini. Mtu mstaarabu kabisa. Akatoa kitambulisho kwenye mfuko wa ndani, kimefungwa nailoni, ndani ya nailoni kuna karatasi, ndani ya karatasi ndimo kilimokuwa.

"Mwanangu, naomba kopi. Mbele na nyuma, karatasi moja. Mambo ya mbolea ya ruzuku hayo."

Nikakilaza kwenye kioo, nikafunika, nikabonyeza. Tii! Skrini ikaandika maneno.

"Inasemaje?"

"Inasema wino wa bluu umeisha, baba."

Mzee akanitazama. "Mimi nimeomba bluu?"

"Hujaomba."

"Hata kama hicho kitambulisho kina bluu, nimesamehe. Toa nyeusi."

"Nyeusi ipo, baba, imejaa. Ila inataka na bluu iwepo."

"Bluu ifanye nini?"

"Iwepo tu."

Mzee akavuta stuli, akakaa, akavua kofia. Nadhani ni mjumbe wa bodi ya chama fulani huko kwao, kwa sababu alitikisa kichwa polepole akasema, "Kumbe akidi haijatimia."

Nyuma yake foleni ilishaanza: binti wa chuo na flashi yake, mama wa kadi za kipaimara, na dereva bajaji ambaye mpaka sasa sijui alifuata nini. Nikaona heshima ya ofisi inayeyuka. Nikakohoa, nikawaambia watulie, tutatumia utaalamu: nitaskani tu kiingie kwenye kompyuta, halafu nitakwenda kukitoa kwa jirani. Nikabonyeza skani. Tii! Maneno yale yale.

"Sasa hivi ulikuwa unafanya nini?" mzee akauliza.

"Nilikuwa naskani, baba. Yaani haichapi kitu. Inakiangalia tu kitambulisho, inapeleka picha huku."

"Kuangalia tu nako kunakula wino?"

Nilitafuta jibu. Ndugu zangu, mimi nimesoma, nina cheti cha kompyuta, nilisimama pale na tai yangu nikatafuta jibu kichwani, sikulikuta. Binti wa chuo akainamisha uso kwenye simu, mabega yanamtikisika.

Dereva bajaji akapata la kusema. "Bosi, zima, washa." Hakuna mtu nchi hii asiyejua kuzima na kuwasha. Kabla sijamjibu, mama wa kipaimara alishachomoa waya ukutani kwa mkono wake. Akarudisha. Mashine ikaamka, ikaanza krrr, krrr, tak tak tak, inakwenda kulia, inakwenda kushoto.

"Inafanya nini?" mzee.

"Inajisafisha kichwa."

"Kwa nini?"

"Kwa wino."

Nilidhani kaniuliza inajisafisha kwa kitu gani. Lakini jibu lilikuwa sahihi, tena ndilo donda langu lenyewe. Kila umeme ukirudi, kitu cha kwanza ni kuoga, na kinaoga kwa wino ninaonunua mimi. Na kwa umeme wetu huu, hakuna kitu kisafi Mbeya nzima kama kichwa cha hiyo mashine. Ule wino wa kuogea unaishia kwenye sponji huko tumboni, na fundi kaniambia iko siku itahesabu yenyewe kwamba sponji limejaa, itagoma tena, na hapo nisimwite.

Ilipomaliza kuoga ikaandika kwamba sasa na nyeusi imepungua.

"Basi kitume kwa faksi," dereva bajaji akasema. Nikamwangalia. Alikuwa anamaanisha. Nikamwambia faksi nayo lazima kwanza iskani. Mzee akajibu kwa niaba yangu: "Na kuskani ni kuangalia, na kuangalia kunataka bluu." Alikuwa keshaielewa mashine kuliko yule aliyeniuzia.

Hapo ndipo tai ikalegea. Nikaipiga ile mashine kofi. Nikaiambia wewe, nimekununulia meza, nimekushonea kitambaa cha kukufunika vumbi, watoto wangu hawana kitambaa, unataka nini? Foleni nzima ikanyamaza. Mzee akainuka, akakifunga kitambulisho kwenye karatasi, karatasi kwenye nailoni, akanishika bega. "Pole, mwanangu. Jirani yako anafungua saa ngapi?" Akavuka barabara. Wote wakavuka. Dereva bajaji naye akavuka, na hakuwa na karatasi yoyote!

Msiniambie nijaze wino. Yule fundi wa sindano nilimwita zamani. Katriji za siku hizi zina chipu, kakitu kadogo ka rangi ya dhahabu, ndiko kanakoongea na mashine. Alijaza, ikafanya kazi vizuri tu, tukapongezana. Usiku ikaingia kwenye intaneti yenyewe, sijui walizungumza nini huko na wenye kampuni, asubuhi yake inasema katriji hii haiitambui. Jana mmeshinda pamoja! Fundi akafungasha bomba lake kimya kimya, soda hakunywa.

Na katriji halisi inatoka Dar. Unatuma hela kwanza, inapakiwa kwenye basi, inapanda Kitonga, inapita Makambako, unaifuata stendi ya Nane Nane unaambiwa konda kaisahau chini ya kiti, imekwenda Tunduma. Ukijumlisha katriji zote nne, hela inakaribia ya kununulia mashine nyingine. Nilishamwambia mama watoto tuwe tunanunua mashine, wino ukiisha tunatupa. Kanyamaza siku nzima. Ile ya zamani kaiweka jikoni, anaanikia vitunguu juu yake.

Halafu kuna hawa vijana wa kijiwe cha bodaboda. Mashine inarusha waifai yake yenyewe, ya kuunganishwa na simu, na waifai hiyo haina intaneti hata chembe. Wao wameiona kwenye simu zao, wanashinda barazani kwangu wanajaribu nywila. Nimewaeleza kwamba ni waifai ya printa, wananiita bahili. Juzi mmoja amefanikiwa kuingia, sijui kwa ujanja gani, akaniprintia picha ya mchezaji mpira ukurasa mzima, ya rangi. Labda ndiko bluu ilikoishia. Namtafuta.

Na wale wa flashi zenye virusi sijawagusa. Wala mwalimu wa mitihani ya majaribio, rimu nzima, "nitalipa mwisho wa mwezi", hakusema mwezi gani. Wala watu wanaoingia kwenye steshenari ya mtu, wanaangalia kalamu, wanaangalia bahasha, wanauliza bei ya daftari kubwa, wanaguna, kisha wanatoa noti ya elfu kumi wanaomba chenji. Kwani mimi benki? Nimeandika mlangoni CHENJI HAKUNA, kwa mkono, kwa makapeni. Wanasoma, wanaingia, wanauliza kama ni kweli.

Haya, huyo mwingine anakuja, noti anayo mkononi. Kaka, rudi huko huko. Sina.